Probox Kwenye Njia ya Wapagazi

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo la kuingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika urithi wa dunia. Ni njia ya kilomita kama 1,200, kutoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika hadi Bagamoyo. Pendekezo linataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nilikutana na orodha hiyo nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili katika historia. Mume wangu, aliyekuwa ananisubiri tule, aliichungulia kwenye kompyuta akasema, “Hii si ratiba ya likizo hii?”

Tulikuwa na sababu tatu za kusafiri Agosti ile ya 2024. Ya kwanza, tangu tufunge ndoa, mwaka mmoja na miezi miwili, hatukuwahi kupumzika pamoja. Ya pili, ba'mdogo wangu wa Tabora, mfanyabiashara wa asali, alikuwa amenunua Toyota Probox iliyoshukia bandari ya Dar es Salaam, na alitaka mtu wa kumfikishia. Mafuta juu yake. Ya tatu tulikuwa tunaizungumza kwa kuizungukazunguka. Mume wangu alikuwa amepata ajira ya ualimu serikalini baada ya kusubiri miaka minne, na kituo chake kilikuwa Kaliua, magharibi ya Tabora. Mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mzima wa utafiti na uandishi Dar es Salaam. Tukifika Tabora gari lingebaki, yeye angeendelea mbele, na mimi ningerudi.

Watu walikuwa na majibu kabla hatujawauliza. Mama mkwe wangu, ambaye tunapendana, aliniambia kwa upole kwamba figa moja haliinjiki chungu. Rafiki zangu wa hosteli wakasema nisithubutu kuacha shule kwa ajili ya mwanaume. Mwalimu wangu mmoja alidokeza kwamba nikimaliza vizuri, nafasi ya uzamivu inaweza kupatikana. Pande zote zilikuwa na swali moja tu: nani amfuate nani. Sisi wenyewe hatukuwa na swali jingine, kwa hiyo tulipanga nguo kwenye begi moja na kunyamaza.

Tulianzia Bagamoyo, Jumamosi asubuhi. Pale Karavanserai, ua ambamo misafara ilipokelewa na kufungwa upya, tuliona minyororo na picha za wanaume wenye pembe za ndovu mabegani. Kwenye misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, tulisimama mbele ya mnara ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Biashara yenyewe ilikuwa ya dunia nzima. Kitambaa cheupe ambacho bibi zetu walikiita merikani kilipata jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani, viwanda vya Massachusetts; na pembe nyingi zilizoshuka Bagamoyo ziliishia jimbo la jirani, Connecticut, zikichongwa kuwa vibao vya piano. Katikati ya viwanda hivyo viwili kulikuwa na shingo na mabega ya watu.

Tukashika barabara ya Msata, Chalinze, Morogoro. Richard Burton na John Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora. Waliingia Novemba 7, 1857. Sisi tulijipa siku nne, na muda mwingi ulikwisha kwenye vibao vya 50, tukiwaonea huruma waliosimamishwa kwa tochi. Julai mwaka huo treni ya umeme ilikuwa imeanza kupeleka abiria Dodoma, na mara mbili ilitupita kama vile sisi tumeegesha.

Mamboya tuliiruka kwa kuogopa giza. Mpwapwa tulifika kwa kuchepukia Mbande na Kongwa, tukanunua karanga, tukakaa chini ya mti nikimsomea mume wangu sehemu za kitabu nilichobeba. Ni kitabu cha mwanahistoria Stephen Rockel, Carriers of Culture, kilichotoka 2006, kuhusu wapagazi wa njia hii. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa hiari yao, watu wa nyumbani kwetu, wakibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa ujira waliokubaliana. Ukiyasikiliza maneno yao, utaona bado tunayatumia. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Leo ni bahasha ya semina. Hongo ilikuwa nguo na shanga ambazo msafara uliwalipa watemi wa Ugogo ili upite na kuchota maji, malipo ya wazi yaliyojadiliwa hadharani. Leo neno hilo linasemwa kwa sauti ya chini.

Kilichomshangaza mume wangu ni wanawake. Alidhani, kama nilivyodhani mimi kabla ya kusoma, kwamba misafara ilikuwa ya wanaume. Lakini wapagazi wengi Wanyamwezi walisafiri na wake zao. Wanawake walibeba vyungu, mikeka, unga na watoto. Wengine walibeba mizigo ya biashara kwa ujira wao wenyewe. Kambi ikipigwa, wao ndio waliotwanga na kupika. Wapo pia waliobaki nyumbani kulima wakati waume wakiwa njiani miezi mingi, na mashamba yao ndiyo yaliyolisha misafara ya wengine.

“Kwa hiyo walifuata waume zao,” alisema.

“Wengine. Wengine walibaki.”

“Na wewe unasomea wapi kati ya hao?”

Alisema kwa kucheka, nami nikacheka, ila baada ya hapo tulirudi ndani ya gari haraka kuliko tulivyokusudia.

Mazungumzo yenyewe yalikuja siku ya tatu, Kilimatinde. Kutoka Manyoni tulichepuka hadi kwenye mji huo mdogo ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako Wajerumani walijenga boma. Ukisimama pale unaiona Ugogo yote chini, tambarare ya rangi ya vumbi, na unaelewa kwa nini misafara iliyotoka pwani iliupanda mlima huu ikijua kwamba taabu ya Wagogo na hongo yao imekwisha na taabu ya kiu inaanza.

Mume wangu aliniuliza mwaka wangu ukiisha nitafanya nini. Nikamwambia kuhusu uzamivu. Hakuwa ameusikia. Akauliza ni miaka mingapi. Nikamwambia minne, labda mitano. Alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye alisubiri ajira miaka minne akifundisha tuisheni na kuuza vocha, na kwamba katika miaka hiyo yote hakuna siku niliyomsikia akiniambia nipunguze masomo. Ilikuwa kweli. Nikasema sikuomba Kaliua iwe Kaliua. Hiyo nayo ilikuwa kweli.

Magharibi ya Manyoni ndiko wasafiri wa karne ya 19 walikokuita Mgunda Mkali, pori ambalo misafara ililivuka kwa siku nyingi ikihesabu maji. Leo ni lami, Itigi, Chaya, Nyahua, vichaka vyenye miti iliyosongamana hata mbuzi hawezi kupenya, halafu miombo iliyopukutika. Tulilipita kwa saa chache, kiyoyozi kikifanya kazi, chupa sita za maji kwenye kiti cha nyuma, na hatukusemezana mpaka Tabora.

Bibi yangu anakaa Isevya, kata iliyo ndani ya mji, nyumba za mabati yenye kutu na miembe kila ua. Miembe ni alama ya njia hii. Tabora imejaa mikubwa kuliko nyumba, na wazee husema ilitokana na kokwa za waliopita. Tulifika magharibi inaingia. Ba'mdogo alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua boneti hata kabla ya kutusalimu. Bibi alikuwa kwenye mkeka.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba. Mke mwenzangu umekonda. Na huyu ndiye mume wetu?”

Mume wangu akapiga magoti akatoa shikamoo yake. Arusini Bibi hakuja kwa sababu ya miguu, kwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonana. Akamuuliza kabila lake kana kwamba hajui.

“Mzaramo, Bibi.”

Bibi alipiga makofi. “Mzaramo! Nani kamfungulia geti mtumwa wangu?” Kabla mume wangu hajainuka, alikuwa ameshamvua kofia, akaikalia. “Hii rehani. Lete mbuzi.”

“Mbuzi wa nini, Bibi? Mimi nimekuja kudai. Babu zenu walikunywa visima vyetu vyote wakaondoka usiku.”

“Walikunywa kwa sababu maji yenu chumvi, walikuwa wanayaonea huruma.”

Waliendelea hivyo hadi chakula kikaja, ugali na nsansa ya karanga, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku mbili kumwona mume wangu akicheka hadi anafuta macho. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wanaoandika historia ya utani wanauhusisha na njia hii hii. Mtu aliyetoka Unyamwezi akaugua Uzaramo alihitaji wa kumpa maji, na akifa, wa kumzika. Utani ulitoa haki hiyo bila undugu wa damu. Lakini neno lile, mtumwa wangu, lilinigusa. Siku tatu nyuma tulikuwa mbele ya minyororo. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, yaani mama wa Bibi alizaliwa ukiwa bado halali. Isevya neno hilo linatupwa uani kama mpira na kila mmoja analirudisha. Nadhani halichezewi kwa sababu limesahauliwa. Linachezewa na watu ambao hawana hakika babu yao alitembea upande gani wa kamba.

Usiku, wanaume wakiwa wamekwenda kulijaribu gari, nilimkanda Bibi miguu. Aliniuliza kwa nini tumeingia nyumbani kwake kama watu waliotoka mahakamani. Nikamweleza yote, Kaliua, uzamivu, mama mkwe na figa lake.

Babu alikuwa mfanyakazi wa reli. Hilo nilijua. Sikujua kwamba alihamishwa mara tatu. Mara ya kwanza Kigoma, Bibi akamfuata na mtoto mgongoni. Mara ya pili Dodoma, akamfuata na watoto watatu. Mara ya tatu Mwanza. Wakati huo Bibi alikuwa amenunua kiwanja hiki kwa pesa ya vitumbua, na ukuta mmoja ulikuwa umesimama.

“Nikamwambia, baba, mizigo yako nimeibeba mara mbili, uzito wake naujua. Wangu hujawahi kuushika hata mara moja. Shika huu, ni ukuta.”

“Akasemaje?”

“Alikasirika akaenda. Mwisho wa mwezi akaja na treni na mifuko miwili ya saruji.”

“Kwa hiyo ulifanya sawa kubaki.”

Bibi alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. “Miaka saba alikuja na treni. Baba yako mdogo akimwona alikuwa analia, anadhani mgeni. Nyumba hii unayoiona ina gharama zake. Na kule Kigoma nako nilikuwa na gharama. Sikuambii ubaki wala uende. Nakuuliza, mmepatana nini?”

Hatukuwa tumepatana kitu.

Asubuhi ba'mdogo alitupeleka Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe iliyojengwa upya ambamo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872. Ni nyumba pana ya udongo, paa bapa, mlango wa nakshi za pwani. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki miezi mitano akisubiri wapagazi, na walipofika wanaume 57 kutoka pwani, akaondoka Agosti 25. Sisi pia tulikuwa Agosti. Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu uani.

Nilimsimulia mume wangu habari ya Ntaoéka. Yumo katika shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa 1874. Alikuwa mwanamke aliyetaka kusafiri na msafara wake. Livingstone hakupenda mwanamke mzuri asiye na mume awe kambini, akamtaka achague mmoja wa watu wake watatu. Ntaoéka alitabasamu tu, hakuna aliyemfaa. Baadaye akawa mke wa mmoja wao, Chuma, yule Chuma ambaye pamoja na Susi aliongoza safari ya kurudisha mwili wa Livingstone pwani. Katika msafara huo walikuwemo wanawake pia, Ntaoéka na Halima, mpishi. Oktoba 1873 walipita hapa hapa Unyanyembe na maiti yao. Luteni Cameron wa Uingereza aliwashauri waizike. Walikataa wakaendelea hadi Bagamoyo. Waliofikishwa Uingereza baadaye ni wanaume, Jacob Wainwright, Chuma na Susi. Wanawake hawakupelekwa.

“Alimfuata Chuma?” mume wangu aliuliza.

“Alikuwa njiani kabla ya Chuma. Safari ilikuwa ya kwake.”

Alikaa kwenye baraza ya udongo muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza: tasnifu yangu inahitaji nini hasa. Siyo miaka mingapi, bali nini. Nikamwambia nyaraka ziko Dar es Salaam na Zanzibar, lakini wazee wa kuhojiwa wako huku, Isevya, Urambo, Ujiji. Nami nikamuuliza anachokiogopa Kaliua ni nini. Nilitegemea aseme upweke. Alisema anaogopa kwamba atazoea, na mimi nitazoea, na hakuna atakayegundua.

Wapagazi hawakuanza safari bila kupatana. Ujira, posho, mwendo, hayo yalijadiliwa kabla mzigo haujanyanyuliwa, na posho ikikatwa mzigo uliwekwa chini. Wengine waliopita njia hii hawakuulizwa chochote; walifungwa. Ndiyo maana siwezi kuifanya barabara hii kuwa picha nzuri ya ndoa. Ila mbele ya nyumba ile niliona kwamba sisi tulio huru kupatana ndio tuliokuwa tumesafiri kilomita zaidi ya elfu bila kutaja masharti.

Usiku ule, kwenye mkeka wa Bibi, tulitaja. Mwaka mmoja, halafu tunakaa tena chini. Mimi kwenda Kaliua Desemba na Pasaka, na kila nitakapokuja kuhoji wazee. Yeye kuja Dar likizo ya Juni. Kodi ya chumba cha Dar tugawane, nauli alipe anayebaki, siyo anayesafiri. Hilo la nauli aliliongeza Bibi. Nafasi ya uzamivu ikipatikana, nisiikubali wala kuikataa kwa simu. Hakuna lililokuwa kubwa, na uhamisho wa walimu hatukuujadili kwa sababu hauko mikononi mwetu.

Bibi alitufungia chakula cha njiani, michembe na karanga, mifuko miwili sawa. Mume wangu akaomba kofia yake.

“Mbuzi yuko wapi?”

Kwenda Kaliua tulipanda basi, tukapita Urambo, makao ya Mirambo, ambaye vita vyake vya 1871 vilimlazimisha Stanley kuzunguka kusini. Kaliua ni nchi ya tumbaku, na mabani ya kuikaushia yanaonekana toka barabarani. Tulipata vyumba viwili vya kupanga karibu na shule. Kwa siku tatu tulinunua ndoo, godoro, jiko la mkaa, tukaziba tundu la panya kwa saruji, mifuko midogo miwili iliyobaki kwa mwenye nyumba. Jirani alikuja kunisalimu akaniita mama mwalimu, akaniuliza shamba nitalima wapi. Nikamwambia Desemba tutazungumza.

Ujiji hatukufika. Kituo cha sita kilibaki kwenye orodha.

Nilirudi kwa treni ya zamani ya reli ya kati. Mume wangu alinibebea begi hadi ndani ya behewa, akakaa nami mpaka honi, akashuka. Tabora tulisimama usiku, nikainunulia chai dirishani. Sasa ni Machi. Nimeshakwenda Kaliua mara moja kwa Krismasi na mara moja kwa mahojiano, na tumegombana kuhusu nauli mara mbili. Jumapili moja moja yeye hupanda basi kwenda Isevya kula. Jumapili iliyopita alinipigia akiwa uani. Nyuma yake nilimsikia Bibi akimwambia mtumwa wake atoke kwenye mkeka. Nikamuuliza kama amerudishiwa kofia. Akasema ameonyeshwa tu, imefuliwa na kukunjwa, kisha ikarudishwa kabatini. Mbuzi, Bibi amesema, anataka aletwe na sisi wawili.